Kabla Hujagonga Mlango wa Mkuu wa Shule

Leo nazungumza na wewe unayeishi kwa kuuza. Simaanishi mwenye duka anayesubiri mteja aingie. Namaanisha wewe unayebeba begi, ukapanda bodaboda kumfuata mteja ofisini kwake, ukakaa kwenye benchi la nje mpaka miguu ikafa ganzi, halafu ukiitwa unaambiwa una dakika kumi tu, mkubwa anatoka.

Siku hizi wengi wenu, kabla ya kulifikia benchi hilo, mnaanza na simu. Mnafungua ChatGPT, au Gemini, au Copilot, mnaandika: nitengenezee maneno ya kumshawishi mteja wangu wa kesho. Maneno yanakuja, tena mengi, tena mazuri. Na hapo ndipo nina ugomvi. Akili mnemba ni chombo cha kazi, sikatai, lakini naona wauzaji wanakishika kwenye makali badala ya mpini.

Nichukue biashara moja ili tusizungumze hewani: majiko ya taasisi. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, ambao unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Serikali pia imeziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya mia moja kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Hesabu mwenyewe wateja waliozaliwa hapo: shule za bweni, vyuo, magereza, hospitali. Wauzaji wa mifumo ya gesi, wa majiko banifu, wa mkaa mbadala, wa masufuria makubwa ya umeme, wote sasa wanagonga mlango uleule wa mkuu wa shule.

Na wote wanaingia na hotuba ileile. Mkuu, je, ungependa kuokoa gharama, kuokoa muda na kutunza mazingira kwa wakati mmoja? Mkuu amekwisha kuisikia Jumatatu kutoka kwa kijana wa gesi na Jumatano kutoka kwa binti wa mkaa mbadala. Hao wawili hawajuani na hawakuibiana maneno. Kila mmoja alikaa kwake usiku akaiuliza simu yake swali lilelile, akapewa jibu lilelile.

Haishangazi. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno gani linafaa kufuata neno lililotangulia. Ukiiuliza jambo la jumla itakupa kile ambacho watu wengi wameshaandika kuhusu jambo hilo. Mkuu wa shule unayemwendea wewe, mwenye jiko lake, mhasibu wake na deni lake la mzabuni wa mahindi, hayumo humo. Itakutungia mkuu wa shule wa wastani, na mkuu wa shule wa wastani haishi popote, si Kibaha wala Songea.

Kumwandalia muuzaji maneno si jambo la jana, ni la karne na zaidi. Kule Dayton, Ohio, Marekani, alikuwepo John H. Patterson, mwenye kampuni ya NCR iliyouza mashine za kuhifadhia fedha za dukani. Mwaka 1887 kampuni yake ilitoa kijitabu cha maneno ya mauzo, na wauzaji wakatakiwa wakikariri kama wanafunzi wa madrasa. Lakini sikiliza kilikotoka kijitabu hicho. Kilitokana na maneno ya Joseph Crane, shemeji yake Patterson na muuzaji hodari, mtu aliyesimama mbele ya wenye maduka wa kweli, akakataliwa, akarudi, akabadilisha sentensi, akajaribu tena. Hata hotuba ile ya kukariri ilikuwa na jasho la mtu ndani yake. Hotuba ya simu yako haijawahi kukataliwa na mteja hata mmoja.

Sasa, kama si hotuba, hii akili mnemba tuitumie kwa nini?

Kwa maswali. Alikuwepo mtafiti Mwingereza, Neil Rackham, ambaye yeye na wenzake walifuatilia mazungumzo ya mauzo zaidi ya 35,000 kwa muda wa miaka 12. Kitabu chake, SPIN Selling, kilitoka 1988. Walichokiona kiliwaudhi walimu wengi wa mauzo: katika bidhaa kubwa, ile ambayo mteja hawezi kuamua palepale kwa kutoa noti mfukoni, ujanja wa kumbana mteja akubali haraka unaharibu kuliko unavyosaidia. Wanaofanikiwa ni wale wanaouliza, na hasa wanaouliza maswali yanayomfanya mteja mwenyewe aone shida yake inaishia wapi. Mfumo wa kupikia wa shule ni bidhaa kubwa. Hakuna mkuu wa shule anayeununua kwa dakika kumi.

Kwa hiyo usiku ule, badala ya kuomba hotuba, jaribu kuiandikia programu hivi: Mimi nauza mifumo ya gesi ya kupikia. Kesho naenda shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita, wanapikia kuni. Usiniandikie maneno ya kusema. Niulize wewe, swali moja moja, mambo ninayopaswa kuyajua kabla sijaingia ofisini, na kila nikijibu niambie jibu langu limepwaya wapi.

Hapo mambo yanageuka. Itakuuliza: anayeidhinisha malipo ni nani, mkuu peke yake au bodi? Kuni zinanunuliwa kwa lori au kwa mita, na nani anazileta? Bajeti ya chakula inapangwa mwezi gani? Mitungi itakaa wapi, na kuna umbali gani kutoka hapo hadi mabwenini? Depo ya gesi iko kilomita ngapi, na barabara ikoje wakati wa masika? Jiko la sasa lina dohani? Maharage yanapikwa mara ngapi kwa wiki?

Utajikuta hujui nusu ya hayo. Usikate tamaa, kwa maana usiyoyajua ndiyo mazungumzo yako ya kesho. Mengine utayapata kwa mtunza stoo au kwa mwalimu unayemfahamu, mengine utamuuliza mkuu mwenyewe. Mtu akiulizwa jambo la kwake, linalomuuma kila mwisho wa mwezi, hakutazami tena kama mgeni mwenye vipeperushi.

Kwenye hesabu nenda taratibu. Nachukua tarakimu za mfano tu. Tuseme shule inaingiza fuso moja la kuni kila wiki kwa shilingi 400,000. Programu ukiiachia inaweza kuzidisha mara wiki 52 za mwaka, ikakupa shilingi milioni 20 na laki nane, na wewe ukaenda nayo kifua mbele. Mhasibu atakutazama juu ya miwani. Wanafunzi wanakwenda likizo, baba. Tuseme wanakaa bwenini wiki 38: hiyo ni milioni 15 na laki mbili. Umeongeza milioni tano na laki sita ambazo shule haijawahi kuzitumia, na kuanzia hapo kila namba yako itashukiwa, hata zile za kweli. Iambie programu ikuonyeshe kila hatua ya hesabu na kila kitu ilichokikisia bila kuambiwa, kisha chukua kikokotoo ufanye upya kwa mkono wako.

Jambo la pili linalofaa ni mazoezi. Iambie iwe mkuu wa shule, nawe uongee nayo kwa sauti kama simu inakubali, ama kwa kuandika. Mwanzoni utafurahi bure. Mkuu wa shule wa kwenye simu ana upole uliopitiliza. Mwambie jambo la ovyo atakujibu kwamba umempa mwanga, tena anauliza mkataba unasainiwa wapi. Programu hizi zina tabia ya kumridhisha anayeziongelesha, na muuzaji anayeridhishwa usiku huaibika asubuhi. Ipe masharti: wewe ni mkuu uliyewahi kuuziwa majiko yakafa ndani ya mwaka mmoja, fundi akazima simu. Huniamini. Usikubaliane nami mpaka nijibu ulichouliza. Nikizunguka, niambie muda umekwisha. Halafu mkimaliza, iambie iache uigizaji ikutajie ulipoongea mno na ulipojibu swali ambalo hukuulizwa. Hilo la pili ndilo ugonjwa wetu mkubwa, wauzaji.

Usiishie kwa mkuu. Ifanye iwe mhasibu. Ifanye iwe mjumbe wa bodi ambaye binamu yake ndiye analeta kuni. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu. Lori la kuni lina watu nyuma yake: mwenye msitu, mwenye fuso, wapakiaji, na mara nyingi ni watu wa kijiji kilekile kinachozunguka shule. Mkuu akikubali gesi, kesho yake anakutana nao sokoni. Simu haiwezi kukwambia kwamba katika shule hii jambo hilo lipo, ila ukiifanya ikuigizie utakuwa umeshaiwazia hali hiyo kabla hujakutana nayo.

Na mpishi. Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu sijaona hotuba ya simu hata moja inayomtaja.

Mama anayepikia wanafunzi mia sita ugali hapiki kama wewe na mimi tunavyopika. Sufuria ni la lita nyingi, mwiko ni wa kushikwa kwa mikono miwili, na ugali ukianza kukaza anauegemea kwa uzito wa mwili wote. Kwenye jiko la kuni lililojengewa kwa tofali sufuria limezama, halitikisiki. Sasa wewe unamletea jiko la gesi lenye miguu ya chuma, zuri, linang'aa, na yeye jambo la kwanza analoliona ni kwamba sufuria likiyumba, uji unaochemka uko usawa wa tumbo lake. Hilo hatakwambia ofisini, kwa sababu ofisini hakuitwa. Atalisema jikoni wiki ya pili baada ya mfumo kufungwa, na atarudi kwenye kuni taratibu, na mkuu atasema gesi haifai. Kuna pia jambo dogo lenye uzito: makaa yanayobaki baada ya kuni kuungua, katika majiko mengi, yana wenyewe. Ukiondoa kuni umeondoa na mkaa ambao mtu alikuwa anakwenda nao nyumbani jioni.

Kwa hiyo ukifika shuleni, omba kupitia jikoni kwanza. Shikamoo mama, pole na kazi. Shika mwiko. Uliza maharage yanalowekwa usiku au yanawekwa motoni makavu, maana maharage yaliyolowekwa yanaiva mapema na hilo peke yake linabadilisha hesabu yako ya gesi. Uliza asubuhi moto unawashwa saa ngapi. Jioni, ukirudi, hayo ndiyo ya kuiandikia programu, nayo itakufaa mara kumi kuliko usiku uliotangulia, kwa sababu sasa umeilisha kitu ambacho hakimo katika maandishi yoyote iliyofundishwa.

Lugha nayo. Ukiiambia ikuandalie mazungumzo, itakushauri uende moja kwa moja kwenye hoja, umvute mteja kwa sekunde thelathini za kwanza. Huo ni ushauri wa nchi nyingine. Ofisini kwa mkuu wa shule wa kwetu, kijana anayeingia na hoja kabla ya shikamoo ameshaharibu. Unaamkia, unaulizwa unatoka wapi, unapongeza matokeo ya kidato cha nne kama kuna la kupongeza (kama hakuna, kaa kimya kuhusu matokeo), unangoja mpaka mwenyewe aseme, haya, niambie. Neno hilo haya ndilo mlango. Na barua ya kuomba miadi iandike mwenyewe. Mwalimu aliyesahihisha insha miaka ishirini anaijua barua ya mashine kabla hajafika aya ya pili.

Sasa niseme kuhusu uongo, kwa sababu programu hizi hudanganya bila kupepesa macho. Zisipojua hujaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli. Ukiuliza taratibu za kuuzia shule ya serikali, programu iliyofundishwa kwa maandishi ya zamani inaweza kukutuma kwenye TANePS, wakati mfumo wa ununuzi wa umma tangu 2023 ni NeST. Ukienda kwa mkuu ukataja TANePS, umemwonyesha kwamba hujawahi kuuza kitu serikalini. Hiyo ni aibu ya siku moja. Kuna inayogharimu fedha. Huko Kanada, Februari 2024, baraza la kutatua migogoro la jimbo la British Columbia liliiamuru Air Canada imlipe abiria fidia, kwa kuwa programu ya mazungumzo kwenye tovuti yake ilimpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya waliofiwa. Shirika lilijitetea, eti programu ile inajitegemea na inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza lilikataa. Kwa hiyo ukimwambia mkuu kwamba mtungi mmoja utapikia siku tisa, na namba hiyo uliiokota kwenye simu, aliyetoa ahadi ni wewe na kampuni yako. Kila namba ya bidhaa itoke kwa mtengenezaji au kwa fundi wenu aliyepima.

Na usiilishe kila kitu. Nimeona wauzaji wakibandika orodha nzima ya wateja, majina na namba za simu, wakabandika na ujumbe wa mhasibu anayemlalamikia mkuu wake, ili mashine iwashauri. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Samsung walibandika siri za programu za kampuni kwenye ChatGPT, na kampuni ikapiga marufuku matumizi ya vyombo vya namna hiyo kazini. Wale walikuwa wahandisi, watu wanaoelewa mambo haya kuliko mimi na wewe. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Namba ya simu ya mkuu wa shule ni taarifa binafsi. Andika tu: shule ya bweni, wanafunzi mia sita, mkoa wa nyanda za juu. Ushauri hautapungua ubora hata kidogo.

Nimalizie na jambo ambalo naona wauzaji hawajaliwaza. Mkuu wa shule naye ana simu. Ukishatoka ofisini, ukamwachia profoma yako, anaweza kuipiga picha akaiuliza programu ileile: huyu anataka kuniuzia hiki, nimuulize nini? Nayo itamchambulia. Bei hii ina VAT ya asilimia 18 ndani yake au itaongezwa baadaye? Tangi na mabomba ni mali ya nani, ya shule au ya msambazaji? Gesi ikipanda bei, mkataba unasemaje? Shule ikitaka kuhamia kwa msambazaji mwingine, inaruhusiwa? Nani anafundisha wapishi, na wapishi wakibadilika nani anarudi kufundisha?

Basi mtangulie. Chukua profoma yako, ondoa majina na namba za akaunti, iweke mbele ya programu, useme: mimi ndiye mkuu wa shule, nionyeshe kila mahali ninapoweza kuumizwa na karatasi hii. Halafu rekebisha karatasi. Usitafute maneno matamu ya kufunika tundu, liandike jibu lake waziwazi kwenye profoma. VAT imo. Tangi ni la msambazaji, shule inalipia gesi tu. Miguu ya jiko itachimbiwa na kujengewa zege, gharama ni yetu.

Kuna swali moja litakalojirudia kila utakapofanya zoezi hilo, kwa mkuu, kwa mhasibu na kwa mpishi: jiko likizima wakati watoto mia sita wanasubiri chakula cha jioni, fundi anafika baada ya saa ngapi? Kwenye vipeperushi vingi pameandikwa huduma ya haraka, basi. Usiandike hivyo. Andika saa, na jina la mji anakotoka fundi. Na kabla hujaandika, mpigie fundi mwenyewe leo hii, umuulize kama Jumamosi jioni huwa anapokea simu.